Nilivyopanda Ghorofa ya Nne Nimeketi

Goti langu la kulia halina ratiba. Nimeishi nalo hivi mwaka wa saba sasa na bado sijalijua. Linaweza kulala kimya juma zima mpaka nikasahau kama nina goti: naswali nimesimama, narukuu, nasujudu, nainuka kwa kushika ukingo wa kitanda, basi. Halafu siku moja, bila kosa lolote nililolitenda, sikubeba ndoo, sikutembea mbali, naamka alfajiri nalikuta limevimba kama donge la maandazi lililosahauliwa kwenye beseni. La moto, halikunji, halinyooki. La kushoto nalo huwa linaiga, ila lenyewe lina adabu kidogo.

Daktari alinionyesha picha ya eksirei akaniambia gegedu limelika, mifupa sasa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Akasema ugonjwa huu hauondoki ila mtu anaweza kuishi nao. Akanipa vidonge vya siku za maumivu, akanifundisha mazoezi ya kunyoosha mguu nikiwa kwenye kiti, akanikataza kuchuchumaa na kupiga magoti. Mtaani kwetu wana maelezo yao. "Bibi, ute wa magoti umekuishia. Kunywa maji ya bamia." Nimekunywa maji ya bamia mpaka nikahisi nageuka mchuzi. Nimepakwa mafuta ya nyonyo, nimekunywa supu ya kongoro, nimefungwa majani ambayo hata aliyeyaleta hakujua jina lake. Wote waliniletea kwa upendo, na Mwenyezi Mungu awalipe. Mazoezi ya daktari ndiyo niliyoona yananifaa, na nayafanya kila siku baada ya swala ya asubuhi. Lakini goti likiamua, limeamua.

Nami niliamua vilevile kwamba halitaniamulia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimewafundisha wanawake na mabinti kusoma juzuu, katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yangu nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Ni nyumba ya chini, ya zamani, iliyobanwa na maghorofa pande tatu, jua linatufikia saa sita mchana. Siku goti lilipouma nilifunga mlango nikasema nina mafua. Siku lilipotulia nilitoka nimejinyoosha, baibui limepigwa pasi, natembea katikati ya mikokoteni na wamachinga kama mtu asiye na shida duniani. Nikawa naona huo ndio ushujaa. Watu wakawa wananijua kwa siku zangu nzuri tu, na hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Nina mwenzangu mmoja. Zamani tuliishi nyumba moja, kila mmoja na chumba chake na mumewe, tukichangia ua, kisima na jiko. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mikononi mwake, maana gari la kutupeleka hospitali lilichelewa. Baadaye nyumba ile ilivunjwa likajengwa ghorofa. Mimi nikarudi kwa baba yangu, mitaa miwili mbele. Yeye na mumewe, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mume, wakapewa fleti ghorofa ya nne. Chini ni maduka ya mikoba na vitenge, katikati ni stoo za mizigo, juu ndiko wanakoishi watu. Lifti ilifanya kazi miezi michache, ikafa, na hakuna aliyeiwekea matanga. Hata hivyo nilikuwa nikipanda kwake kila Ijumaa baada ya adhuhuri, na Ijumaa ambayo goti lilikataa nilimwambia nina wanafunzi.

Mumewe alifariki siku ya Jumatano, alfajiri. Habari zilinifikia kabla jua halijatoka. Nilikuwa kitandani, na goti lilikuwa limeanza tangu usiku. Nilijaribu kusimama mara tatu. Mara ya tatu nikaanguka nikashika meza, kikombe kikavunjika. Walimzika baada ya alasiri. Sauti za waliolibeba jeneza zilipita mwanzo wa mtaa wetu, na mimi nimeketi sakafuni nimeegemea kitanda, nikimwombea dua mtu aliyekuwa akiniita "shemeji" kwa miaka arobaini.

Simu ilikuwa karibu yangu. Sikupiga. Mimi ni mtu wa zamani, na kwetu sisi msiba wa mtu wako wa karibu hautumiwi salamu kwa simu. Unakwenda mwenyewe, unaketi kwenye mkeka, mnalia pamoja. Kumpigia mjane kumwambia "goti linauma" siku ambayo mumewe yuko kwenye sanda niliona ni kumtukana. Nikasema nikipona tu, nakwenda.

Siku ya tatu niliamka nikakuta limepoa. Ndivyo lilivyo, linaondoka kama lilivyokuja, haliagi. Nikaoga, nikavaa, nikatoka. Lakini msibani hatuendi mikono mitupu, basi nikapitia sokoni kwanza. Nikanunua mchele, sukari, ubani na nazi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefunguliwa pingu, nikasimama natikisa nazi sikioni nisikie maji yake, natania na muuzaji kwamba nazi zake zimezeeka kuliko mimi. Nikageuka nikamwona mke wa mtoto wa mwenzangu, upande wa pili wa meza ya nyanya, ananitazama. Nikamwinulia mkono. Akashusha ushungi akaondoka.

Nilifika kwenye lile ghorofa na kifuko changu. Nikapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano goti likafunga kama mlango uliopigwa komeo. Nilishika ukuta mpaka jasho likanitoka mgongoni. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa kuliko yote. Nikamwita mpagazi aliyekuwa anapanda na robota lake, nikampa kile kifuko, nikamwambia afikishe ghorofa ya nne, kwenye msiba. Sikumpa neno la kusema, ila tu kwamba kinatoka kwa mwalimu wa juzuu. Mimi nikarudi nyumbani nikijikokota kwa ukuta, duka hadi duka.

Kabla ya magharibi mpagazi yule yule alibisha hodi kwangu. "Shikamoo bibi. Wamesema mchele wanao."

Akakiweka kifuko mlangoni, kama kilivyokuwa, hata ubani haukutolewa.

Nikapiga simu sasa, tena si mara moja. Haikupokelewa. Baada ya siku kadhaa mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo anayekwenda kote, aliniletea maneno, na yalikuwa yamemkaa mdomoni kama chakula cha moto. "Mwalimu, usinikasirikie mimi. Anasema aliyesahau njia ya msibani asiikumbuke na ya arobaini. Na huko kwenye mikeka wanasema mwalimu sokoni anatembea, harusini anatembea, kwenye msiba wa mwenzake goti. Eti goti lako linachagua."

"Linachagua kweli," nikamwambia. "Ila halinishirikishi."

Hakucheka. Hata mimi sikuwa nacheka.

Mwenzangu alikuwa kwenye eda. Mjane hatoki nyumbani miezi minne na siku kumi, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuja kwangu akayaona mambo kwa macho yake. Alikuwa na masikio tu, na masikio yake yalijazwa na watu walioniona nikitikisa nazi. Mwanangu anayeishi Mbagala alikuja kunitazama akasema, "Mama, acha tu. Eda ikiisha mtapatana, nyinyi watu wazima." Nikamjibu kwamba kwa umri wetu sisi, miezi mitatu si kitu cha kuahidiana. Kitu kimoja kilikuwa kinanitisha kuliko maumivu yoyote: kwamba mmoja wetu angetangulia mbele ya haki na mwenzake amemnunia.

Nikapanga kwenda arobaini, nimealikwa sikualikwa. Wapo wanaosema arobaini haina msingi. Nimewasikia, sibishani nao. Kumwombea maiti ni kumwombea maiti, na wanawake wakikusanyika kusoma ni heri. Nilisikia pia kwamba kisomo kimepewa mwalimu mwingine, mwanamke mdogo kwangu, msomaji mzuri. Hilo halikuniuma. Nilijitunza wiki nzima. Nikafanya mazoezi asubuhi na jioni, nikala vidonge kwa wakati, nikawapa wanafunzi likizo.

Asubuhi ya siku yenyewe, goti likaja. Lilikuja kwa nguvu zote, kama limesikia.

Nikaswali kitandani, nimeketi, miguu imenyooka mbele yangu. Baada ya swala nikabaki palepale na tasbihi, na nakiri kwamba kwanza nilimshukuru Mungu kwa kunipa udhuru. Dini yetu ni nyepesi kwa mgonjwa. Hakuna ambaye angeweza kunilaumu. Kisha nikafikiri: nani ataujua huo udhuru? Miaka saba nimekuwa nawapelekea watu miguu yangu mizuri na hii mibaya naifungia ndani. Nikisubiri ipone ndiyo niende, nitafika nikitembea vizuri, nao watasema, mnaona? Siku ya kwenda ilikuwa ni hii hii. Nikaliangalia lile goti nikaliambia kwa sauti, "Leo tunakwenda wote. Ukitaka kulia, utalia mbele za watu."

Nikajifunga kanga mbili kuukuu juu ya baibui, kuanzia kiunoni, maana nilishajua nitapandaje na sikutaka kufika na nguo isiyofaa kuswalia. Bajaji ikanifikisha mlangoni pa ghorofa. Dereva alinishika mkono mpaka kwenye ngazi ya kwanza, akasema, "Bibi, hapa unafikaje juu?" Nikamwambia aende zake, Mungu ambariki.

Nikageuka, nikaipa ngazi mgongo, nikaketi. Nikaweka viganja kwenye ngazi ya juu yake, nikasukuma kwa mguu wa kushoto, nikajivuta. Moja. Mguu wa kulia nimeunyoosha mbele kama ufagio. Bismillahi, nyingine. Hivyo hivyo, kwa makalio, mwalimu wa juzuu, mama wa watu, bibi wa wajukuu tisa.

Ngazi za Kariakoo hazina faragha. Kabla sijafika ghorofa ya kwanza wapagazi wawili walikuwa wamesimama juu yangu na marobota mabegani.

"Pisha, pisha, mzigo huo! Eh! Shikamoo bibi. Umeanguka?"

"Marahaba. Sijaanguka. Napanda."

"Unapanda unaangalia chini?"

"Mwenzangu, huyo kaweka rivasi," akasema wa nyuma, na wote wawili wakacheka mpaka marobota yakatikisika.

"Rivasi nayo ni gia," nikawaambia. "Piteni, msije mkaniangukia."

Wakatua mizigo badala ya kupita. Yule wa mbele akapangusa mikono. "Bibi, tukubebe. Sisi tunabeba mizigo mizito kuliko wewe kila siku, na hakuna uliovunjika."

"Nashukuru, wanangu. Lakini nikibebwa watasema nimeletwa. Nataka kuja."

Hakunielewa, ila aliheshimu. Akasogeza robota pembeni ili nipite, na nyuma yangu nikamsikia anawapigia kelele wa juu: "Oya, taratibu huko! Kuna bibi anakuja kwa mgongo!" Basi kuanzia hapo kila mpagazi aliyeshuka alinisalimia na kujibana ukutani nipite, na mwenye stoo moja ya ghorofa ya pili, mama wa makamo, alitoka na chupa ya maji akakaa na mimi ngazini mpaka pumzi iliporudi. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kwa yule mama wa juu? Mbona yeye anasema ndugu zake wa zamani wamemtupa?" Nilisukuma tena.

Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ndipo nilipolia. Niseme ukweli. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, goti linapiga kama ngoma, na nilisikia sauti za wanawake juu wameanza kisomo. Nilijifuta kwa ncha ya ushungi, nikasema alhamdulillahi kwa mikono iliyokuwa bado inafanya kazi, nikazimaliza ngazi zilizobaki.

Mlangoni alisimama yule mke wa mtoto wa mwenzangu. Alinikuta nimeketi ngazi ya mwisho, nafungua zile kanga zilizogeuka nyeusi. Alishtuka, lakini maneno yalikuwa yameshaandaliwa siku nyingi, yakatoka.

"Leo goti limeruhusu?"

"Halijaruhusu," nikamwambia. "Nimekuja nalo. Nipe mkono nisimame."

Alinipa. Nikaingia ninashika ukuta, mguu mmoja nauburuta. Kisomo kikakatika. Sebule nzima ya wanawake kwenye mikeka walinyanyua nyuso, na pale mwisho, kwenye mlango wa chumba cha ndani, alikuwa mwenzangu, katika nguo zake nyeupe za eda. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Umepandaje?" akauliza.

"Kwa makalio."

Mtu mmoja kwenye mikeka alikohoa kuficha kicheko. Mwenzangu hakucheka.

"Siku arobaini," akasema. "Siku arobaini, shoga, kila nikisikia hatua kwenye ngazi nasema huyo ni yeye. Kumbe mpagazi. Kumbe mtu wa stoo. Nikaletewa mchele! Mchele nilikosa mimi?"

"Siku ile nilifika ngazi ya tano likafunga. Siku ya maziko sikuweza hata kusimama."

"Ulikuwa na simu."

"Niliona kukupigia simu ni tusi."

"Tusi ni kunyamaza!" Sauti yake ilipasuka. "Na Ijumaa zote zile ulizoniambia una wanafunzi?"

Ningeweza kuzunguka kwa maneno. Nilikuwa hodari wa kuzunguka. "Sikuwa na wanafunzi," nikasema. "Lilikuwa goti."

Akautazama mguu wangu. Kisha akasema, "Hebu funua."

Mimi sijawahi kumfunulia mtu goti langu isipokuwa daktari. Wanafunzi wangu walikuwa mle ndani, na wasiojua kunipenda pia. Nikapandisha baibui na gauni. Lilikuwa limejaa mpaka ngozi inang'aa, limepinda upande kama si la mguu ule. Wanawake wa mbele walisema "Subhanallah" kwa pamoja. Mwenzangu akainuka, akaja, akaweka kiganja chake juu yake, taratibu, kama anavyopima homa ya mtoto.

"La moto," akasema. Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, kilio tulichopaswa kulia siku arobaini nyuma. Tulimlilia mumewe kwanza. Nadhani baada ya hapo tulijililia wenyewe.

Alipomaliza alijifuta akageuka. "Leteni kiti."

Hapo pakawa na mnong'ono. Kwetu mwanamke haketi kitini msibani. Wote ni mkekani, tajiri na maskini, na anayetaka kiti huambiwa anajiona. Mimi mwenyewe nimewahi kuwakemea mabinti kwa jambo hilo. Mama mmoja akasema kwa upole wa sumu, "Mwalimu juu, sisi chini?"

"Mwenye neno na kiti hicho aje aniambie mimi," akasema mwenzangu. "Siendi popote, nipo miezi mitatu."

Safari hii walicheka wazi, hata yule mama. Nikaketi kitini, mguu umenyooshwa juu ya mto, juu ya vichwa vyote, na sikuona aibu. Yule mwalimu mwingine alinipa ishara niendeleze kisomo. Nikamwambia aendelee yeye, mimi nitaitikia. Alisoma vizuri mno. Mwenzangu aliketi mkekani, bega lake limegusa mguu wangu ule mzima, na dua ilipofika kwenye jina la marehemu nilisema amina mpaka koo likakauka.

Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, ngazi inakusaidia. Lakini mjane wa eda haruhusiwi kunisindikiza, ukomo wake ni mlango. Basi alisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na mimi nikafunga kanga zangu chafu nikaanza safari.

"Umefika?" akapaza sauti.

"Ya tatu!"

"Haya, pumzika!"

Nikapumzika. Wapagazi walisimama na mizigo yao, hawajui sauti inatoka wapi.

"Umefika?"

"Ya pili!"

Kesho yake nilimpigia simu asubuhi mapema, nikamwambia ukweli, kwamba goti bado bovu na siji mpaka lipoe, na sijui litapoa lini. Kisha nikamkumbusha, kama mwalimu, kwamba mtu wa eda hapaswi kupaza sauti mpaka wanaume wapita njia wakamsikia.

"Nilikuwa nawaita wao?" akasema. "Nilikuwa nakuita wewe. Wewe na ukaidi wako. Umekunywa dawa?"